Jioni Aliyoniletea Kamba

Naandika haya nikimfikiria mama ambaye simjui. Labda uko Litein, labda Silibwet, labda mbali kabisa na kwetu. Umeitwa shuleni tena. Umeambiwa mtoto wako hafundishiki. Huyu anakwambia umpe dawa, yule anakwambia ole wako ukimpa, na wewe usiku hulali. Nimepita hapo. Sitakudanganya kwamba hofu imeisha yote. Hadi leo simu ikilia asubuhi nikaona ni namba ya mwalimu, tumbo hunikata kabla sijaipokea.

Sisi ni wakulima wa majani chai upande wa Konoin, Bomet. Shamba si kubwa. Tunachuma, tunapeleka kituoni, kiwanda kinalipa kila mwezi, na bonasi ndiyo ya karo na mabati. Kijana wangu ni kifungua mimba. Alitembea mapema, na tangu siku hiyo hakuketi. Watu walicheka wakasema huyu atatuletea medali. Mama mkwe ndiye hakucheka. Alikuwa akimmiminia maziwa ya mursik, na kabla kikombe hakijafika mdomoni mtoto ameshakiacha kamkimbilia kuku, kamwacha kuku kaisikia pikipiki, na pikipiki iko barabarani. Hiyo barabara ndiyo iliyoninyima usingizi, kabla hata ya mambo ya shule.

Alipoanza shule madaftari yalirudi bila kurasa. Sweta ilipotea, ikanunuliwa nyingine, ikapotea. Darasani alijibu swali kabla halijaisha, alisimama wenzake wakiwa wameketi, na akisikia lori la majani linapanda mlima alitoka nje kulitazama. Na malori aliyajua! Akiwa jikoni alikwambia lile ni la kiwanda gani kwa mlio tu, na hakosei. Lakini sentensi tatu za ubaoni hakuzimaliza.

Kisha akaanza kurudi na alama miguuni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi, na mwalimu niliyemwendea aliijua kuliko mimi. Aliniambia tu, "Mama, tuko na watoto wengi." Tukamhamisha. Shule ya pili ilikuwa yale yale.

Ushauri haukukosekana. Kuna waliosema ni sukari. Wengine wakasema ni mimi, nimemdekeza. Mzee mmoja wa ukoo alisema jina la babu aliloitiwa siku ya kuzaliwa halikumkubali. Katika maombi fulani walimshika kichwa ili wamtoe pepo, akawaponyoka akatokea mlango wa nyuma, na waliobaki wakaniangalia mimi. Lakini akina mama wa ushirika wetu hawakuniacha. Siku nilizoitwa shuleni walinichumia majani, wakayapeleka kituoni kwa namba yangu ya mkulima, wakaondoka bila kungoja asante. Mungu awakumbuke.

Ikafika muhula ambao shule ilimrudisha nyumbani. Barua ilisema akae mpaka atulie. Haikusema mpaka lini.

Alasiri moja ikanyesha mvua ya mawe. Wanaojua Kericho na Bomet wanajua mawe ya huku. Yalichanachana majani yote, mashina yakabaki kama yamekatwa kwa panga, na ukiona hivyo unajua mwezi ule hakuna pesa. Baba yake alikuwa amesimama shambani hasemi kitu. Mimi nilikuwa jikoni nawasha moto.

Mtoto akaingia. Amelowa. Mkononi ana kamba ya ndama.

"Mama, nifunge."

Sikuelewa.

"Nifunge kwa kiti. Mwalimu amesema nikitulia nitarudi. Mimi siwezi. Ukinifunga nitaweza."

Alikuwa na miaka saba.

Nikaichukua ile kamba. Ilikuwa na matope na mavi ya ng'ombe. Nilitaka kulia, machozi hayakuja. Moto ukazimika. Sikuuwasha. Nje nilimsikia ndama anakanyaga sukuma wiki yangu. Sikutoka. Nilikuwa nimeomba miaka yote ile, jioni ile sikupata hata neno. Nilisema tu, Yesu. Basi. Mambo mengine yaliyonipitia kichwani sitayaandika hapa, ila kama na wewe yanakupitia, usikae peke yako. Ita mtu. Sasa hivi.

Mama mkwe aliingia. Hakuuliza. Alinitoa kamba mkononi, akaenda akamfunga ndama, akarudi, akawasha moto. Akamketisha mtoto katikati ya magoti yake. Walikaa hivyo mpaka maji yakachemka. Ndipo akasema, "Huyu mtoto anajaribu. Anajaribu kuliko wote shuleni."

Asubuhi yake ni yeye aliyesema twende kwa watu wa tathmini. Alikuwa amewasikia redioni. Ni vituo vya Wizara ya Elimu, vilianza Kenya mwaka 1984, kazi yao ni kuwaangalia watoto wenye mahitaji maalum. Nilidhani wataanza na tabia. Wakaanza na masikio na macho, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri naye huonekana mtundu. Vyote vilikuwa sawa. Wakatuandikia barua ya hospitali, na hospitali ikatutuma kwa daktari wa akili Eldoret.

Daktari aliuliza mpaka nikachoka. Alizaliwaje? Amewahi kupata degedege, au malaria ya kupanda kichwani? Analala vipi? Akatupa fomu yetu na fomu ya mwalimu, maana hali aliyokuwa akiifikiria lazima ionekane nyumbani na shuleni pia, iwe imedumu miezi sita au zaidi, na iwe ilianza kabla ya miaka 12. Tuliporudi na fomu akatuambia ni ADHD. Si pepo na si malezi mabaya. Ubongo wake unachelewa kushika breki, na mara nyingi hali hii hutembea katika familia. Baba yake alikuwa ameangalia sakafu muda wote. Akasema, "Mimi niliacha shule darasa la sita. Nilikuwa hivi." Hakuongeza, nami sikumwuliza mpaka tuko kwenye matatu.

Sasa tuje kwa dawa, kwa sababu najua ndiyo inayokukosesha raha.

Daktari hakutusukuma. Alisema mtoto wa chini ya miaka sita huanzwa kwa kuwafundisha wazazi namna ya kukaa naye, si kwa kidonge. Kuanzia sita, madaktari wa watoto wa Marekani hushauri vyote viwili. Alitueleza juu ya uchunguzi mkubwa wa huko uliotolewa mwaka 1999, watoto 579. Waliopewa dawa na kufuatiliwa kwa karibu walitulia kuliko waliopata mafunzo ya tabia peke yake. Waliopata vyote viwili walihitaji dawa kidogo zaidi. Lakini miaka ilivyosonga tofauti kati yao ziliyeyuka, kwa hiyo tusidhani kidonge kitamaliza kazi halafu sisi tukalale. Nilimpenda kwa kutuambia na hilo.

Dawa yenyewe ni methilifenideti, wengi wanaijua kwa jina la Ritalin. Haimlazi mtoto usingizi, kama nilivyokuwa nikiambiwa kisimani. Kidonge cha kawaida hufanya kazi kama saa nne hivi kisha huisha. Hupunguza hamu ya kula, huweza kuchelewesha usingizi, na lazima moyo, presha, uzito na urefu viangaliwe. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari, inadhibitiwa, na maduka ya dawa ya kwetu hayaiweki. Niliuliza kama atakuwa teja. Akasema watoto wanaoimeza kwa kipimo cha daktari hawajaonekana kuwa mateja kuliko wenzao wenye hali hiyo wasioimeza, ila niifungie, asipewe mtu mwingine hata kidonge kimoja.

Tulirudi tukaita familia. Shemeji yangu ni mwalimu wa sekondari, anasoma. Alikuja na jambo zito: Shirika la Afya Duniani lilikataa kuiweka dawa hii kwenye orodha yake ya dawa muhimu, mwaka 2019 na tena 2021. Chumba kikanyamaza. Nilihisi nimerudi jikoni ile jioni. Tukampigia daktari pale pale, simu ikawekwa mezani kila mtu asikie. Alisema ni kweli. Shirika lilisema ushahidi wa faida na madhara yake haujawa imara vya kutosha, hasa kwa matumizi ya muda mrefu. Halikuipiga marufuku. Akasema, hiyo ndiyo sababu anataka kumwona mtoto mara kwa mara, na kama hatuko tayari kusafiri, afadhali tusianze.

Mchungaji wetu alikuwepo. Wengi walingoja aseme tuombe tu. Alisema mke wake ana presha, wao huomba asubuhi kisha anameza. Akanywa chai yake. Maneno yake yakaishia hapo.

Tuliamua kuanza na mafunzo. Neno moja kwa wakati mmoja, si "oga, vaa, leta begi, funga mlango". Unamgusa bega kwanza, akuangalie, ndipo useme. Kazi ndogo ndogo. Akifanya vizuri msifu pale pale, si jioni. Tulipata shule ya tatu, mwalimu akamketisha mbele mbali na dirisha, na akiona miguu imeanza kucheza anamtuma ofisini apeleke chaki. Wengine walisema anampendelea. Nyumbani palipoa. Darasani palipoa kidogo. Barabarani hapakupoa, na siku dereva wa lori alipofunga breki mita chache kutoka kwake, baba yake aliingia ndani akasema, "Tumpe."

Tukaanza dawa wakati wa likizo, kipimo cha chini. Na hapo nikaogopa upya. Kijana alinyamaza. Chakula cha mchana anakisukuma. Lori likapanda mlima, hakuinua kichwa. Nikasema, nimemuua mtoto wangu akiwa hai. Mama mkwe hakusema kitu, lakini nilimwona akimtazama. Daktari alipunguza kipimo, akasema ameze baada ya uji mzito, si kabla, na chakula kikubwa kiwe jioni dawa ikiisha. Polepole akarudi. Ilikuwa Jumamosi, tuko shambani, akasema bila kugeuka, "Hilo ni la kiwanda, limebeba nusu." Nikaangua kilio katikati ya chai. Baba yake akadhani nimeumwa na nyoka.

Uzito ulitakiwa kupimwa na mizani ya nyumbani hatuna. Karani wa kituo alipojua, akawa anampima kwa mizani ya majani. Anampandisha ndani ya mfuko wa wavu, anauning'iniza kwenye ndoano, wakulima wanasoma namba kwa sauti na kubishana kama atoe kilo za maji. Mtoto anacheka mpaka anatikisa mizani, karani anamwambia tulia nikupime vizuri. Naye anatulia. Namba naiandika nyuma ya kitabu cha nyimbo na kwenda nayo Eldoret. Kuna miezi haikupanda, nikakosa usingizi. Kisha ikapanda.

Bado anapoteza sweta. Bado hugombana na wenzake akishindwa mpira. Kuna wakati dawa imekosekana kabisa na tukakaa bila, tukishikilia yale ya bega na neno moja. Pesa yake inatoka kwa maziwa ya ng'ombe mmoja, na ng'ombe akikauka tunakopa. Lakini anamaliza yaliyoandikwa ubaoni, na ile barua ya kukaa nyumbani haijaandikwa tena. Jina la Bwana libarikiwe.

Sasa daktari anasema likizo ya Desemba tunaweza kuisimamisha kidogo tuone bila hiyo akoje, na apate kula. Baba yake anataka. Mimi nasitasita, nikiifikiria barabara. Mama mkwe akasema mbona hamumwulizi mwenyewe. Tukamwuliza. Alifikiri, na kufikiri kwake siku hizi unaweza kukuona. Akasema Krismasi asimeze kwa sababu ya chapati, lakini siku tukienda sokoni Kericho ameze, kwa sababu kule magari ni mengi.

Tunakwenda Eldoret wiki ijayo kumpelekea daktari jibu hilo. Tuombee, nasi tunakuombea.