English Harbour, Makao ya Matanga

Nahodha mgeni akiikaribia pwani ya kusini ya Antigua haoni bandari. Anaona vilima vimeshikana, mawe na vichaka, na wimbi la Karibea linavunjika chini yake. Mpaka asogee sana ndipo mlango unafunguka chini ya kuta za ngome ya Fort Berkeley. Akishaupita, bahari inanyamaza. Ndani kuna kina hadi gatini, vilima vimekinga upepo pande zote, na milingoti imejipanga mbele ya majengo ya mawe ya karne ya 18. Hiyo ndiyo English Harbour. Kwa mpenzi wa vyombo vya matanga, sijui bandari ya kuipita.

Usalama wa maji hayo ndio uliowavuta Waingereza. Mwaka 1723 kimbunga kilisukuma nchi kavu meli 35 zilizokuwa katika bandari nyingine za kisiwa, lakini manowari mbili zilizotia nanga humu zilitoka salama. Muda si mrefu ujenzi wa karakana ya jeshi la majini ukaanza. Katika bahari hizi za joto mbao huliwa haraka na viumbe vya baharini, kwa hiyo meli ililetwa gatini, ikafungwa kamba na kuvutwa hadi ikalala ubavu, mkuku ukaonekana. Mafundi wakakwangua, wakatia kalafati na lami, kisha wakaigeuza upande wa pili. Mitambo ya kuzungushia kamba hizo bado imesimama pale pale ukingoni.

Eneo lote la karakana linaitwa Nelson's Dockyard, kwa jina la Horatio Nelson, aliyekuwa hapa kati ya 1784 na 1787 akiwa nahodha wa HMS Boreas. Kisiwa hakukipenda, na wafanyabiashara wake hawakumpenda yeye, maana aliwabana kwa sheria iliyozuia biashara na meli za Marekani. Jina ni lake, lakini waliokata mawe, kuchimba misingi na kuvuta kamba wengi wao walikuwa Waafrika waliotiwa utumwani. Tarehe 8 Machi 1744 mlipuko uliua wanane kati yao papa hapa bandarini. Majina yao yamepatikana katika kumbukumbu za kale, na siku hizi wanakumbukwa.

Tembea taratibu, kila jengo lina kazi yake. Admiral's Inn, ambayo sasa ni hoteli, ilijengwa mwaka 1788. Chini palikuwa stoo ya lami na madini ya risasi. Kando yake zimesimama nguzo nene za mawe zisizo na paa. Boti ziliingia katikati ya nguzo hizo, na ghorofani juu yake mafundi walishona matanga.

Jeshi liliondoka mwaka 1889, na majengo yakaachiwa mvua na mizizi. Mwaka 1949 familia ya Nicholson ilitia nanga hapa na skuna yao, Mollihawk, ikaanza kukodishia wageni safari za matanga. Ukarabati ukafuata, karakana ikafunguliwa kwa umma mwaka 1961, na mwaka 2016 UNESCO ikaiweka katika Urithi wa Dunia. Haijageuka makumbusho ya kutazamwa kwa mbali: mafundi wa matanga, wa mbao na wa injini bado wanapokea kazi.

Uhondo wenyewe ni Aprili, wakati wa mbio za matanga za Antigua Classic Yacht Regatta. Kabla ya mbio, waamuzi hupita gatini wakikagua vanishi, shaba na mafundo ya kamba. Hapa zimewahi kushindana yoti kubwa kama Velsheda, iliyoundwa Uingereza mwaka 1933. Upepo wa biashara hutoka mashariki karibu mwaka mzima, hausubiriwi kama kusi na kaskazi zetu, na chombo kikiupata vizuri hulala mpaka maji yanafagia ukingo wa sitaha.

Mimi macho yangu yalikuwa kwa slupu za Carriacou, kisiwa kidogo cha Grenada. Ni vyombo vya mizigo na uvuvi vilivyoundwa ufukweni bila ramani. Fundi huingia msituni kutafuta tawi lililopinda lenyewe, alifanye taruma, kama wafanyavyo mafundi wa Matondoni kule Lamu. Siku ya kushusha chombo majini, kasisi hubariki, mnyama huchinjwa, na kijiji kizima hushika kamba. Ufundi huo ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2023. Kwenye mbio, slupu hizo hukata mawimbi bega kwa bega na yoti za matajiri, na watu gatini hushangilia hizo kwanza.

Kutoka mji mkuu, St. John's, panda basi namba 17. Jioni ya Jumapili panda Shirley Heights, ngome ya kilimani, usikilize ngoma za chuma huku bandari zote mbili, English na jirani yake Falmouth, zikiwa chini yako. Epuka miezi ya vimbunga, kuanzia Juni hadi Novemba.

Na jina lililoandikwa langoni lisikupoteze. Nelson alipita tu. Karakana hii kwa sehemu kubwa ni kazi ya mikono ya Waafrika, na sifa zake nyingi ni haki yao.