Tulijifunza Kusimama Ukingoni

Mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, tuliondoka Tunduma alfajiri tukiwa wanawake kumi na mmoja wa ushirika mmoja, tukashika njia ya Mpemba kuelekea Isongole. Siku hizi ni lami, yapata kilometa 50, na milima ya Ileje ilitupokea kwa baridi yake.

Isongole iko mpakani. Ng'ambo ya mto Songwe ni Malawi, upande wa Chitipa. Kwenye ramani mto huu ni mpaka. Kwa wenyeji ni njia ya kwenda sokoni, msibani na harusini, maana Walambya wanaishi pande zote mbili. Wengine hupitia kituo cha mpakani, wengine hukata njia ya mkato kwa miguu. Kiangazi maji hukudanganya kwa upole wake. Mvua zikinyesha milimani, mto hugeuka.

Hatukwenda kutembea tu. Msimu wa mvua uliopita, mtoto aliteleza kwenye kivuko kimoja cha huko, na mama yake akaruka kumfuata. Mtoto alinasa kwenye matete, akatolewa hai. Mama hakurudi. Wawili kati yetu ni wauguzi na tulishiriki kumhudumia yule mtoto. Tulijua la kufanya mtu akishatolewa majini. Namna ya kumtoa hatukuijua, na jambo hilo lilitunyima usingizi.

Mwalimu wetu alikuwa kijana wa kanisani aliyewahi kuongoza watalii kwa boti za mpira kwenye mto Zambezi, chini ya Maporomoko ya Victoria. Huko, alisema, mpiga kasia hujifunza uokoaji kabla ya kusifiwa kwa kupiga kasia, na hashuki majini bila jaketi la kuokolea na kofia ngumu. Sisi tulikuwa na kamba, dumu tupu na fimbo ndefu. Akasema vinatosha kuanzia.

Somo la kwanza lilikuwa nguvu ya maji. Meta moja ya ujazo wa maji ina uzito wa kilo 1,000, na maji yaendayo kasi hayaachi kusukuma. Yakifika magotini tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Maji yakiwa ya udongo, yakibeba magogo au yakipanda huku unayatazama, rudi nyumbani. Soko litakuwapo kesho.

La pili, ukichukuliwa usijaribu kusimama kwenye mkondo wenye nguvu. Mguu ukinasa kati ya mawe, maji yatakulaza kifudifudi. Lala chali, miguu mbele kuelekea yaendako maji, vidole juu, ukisukuma kwa mikono kuelekea ukingoni. Mti ulioanguka mtoni uuepuke kabisa, kwa kuwa maji hupita kati ya matawi yake lakini mwili hubaki.

La tatu ndilo lililotugusa. Mwokozi asiingie majini. Kwanza apige kelele kuita watu. Kisha anyooshe fimbo akiwa amelala chini ukingoni, au arushe kamba iliyofungwa dumu lililozibwa vizuri. Kamba asiizungushe mkononi wala kiunoni, isije ikamvuta naye.

Tulirusha kwa zamu. Nyingi zilianguka karibu na miguu yetu, tukacheka. Ndipo bibi wa yule mtoto, aliyekuwa amekaa pembeni kimya, akasimama akaomba kamba. Alirusha mara moja, ikafika. Hakuna aliyepiga makofi. Alisema, "Siku ile tulikuwa wanne hapa, na kamba ya mbuzi ilikuwa pale mtini." Tulikaa naye chini kwa muda mrefu.

Kisha wauguzi tukafundisha sehemu yetu. Aliyetolewa majini asining'inizwe kichwa chini wala kukandamizwa tumbo. Kama hazinduki na hapumui, apewe pumzi 5 za mdomoni, halafu kifua kikandamizwe mara 30 kwa pumzi 2, bila kuacha mpaka msaada ufike au apumue. Hata akizinduka, avuliwe nguo mbichi, afunikwe, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, lakini mto hausubiri gari. Wa kwanza ni sisi tulio karibu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Nyuma ya hesabu hiyo kuna bibi kama yule.

Tulipoondoka, kamba na dumu vilibaki vimetundikwa kwenye mti wa kivukoni, na bibi amekubali kuvitunza. Njiani tulimkumbuka Miriamu, dada yake Musa. Hakuingia mtoni, alisimama mbali kidogo, akakesha kwa macho, na wakati ulipofika akatenda. Mama mwenzetu, je, kwenye kivuko cha kijijini kwako kuna kamba? Kama haipo, itundike kabla ya mvua.