Somo la Serebela Mwakitolyo

Nafundisha sayansi ya ubongo kwa wanafunzi wa udaktari katika tawi la chuo kikuu ambacho makao yake makuu yako ng'ambo. Mtaala unatoka huko, na humo sumu ya zebaki imetengewa slaidi moja tu: Minamata, Japani, mwaka 1956, kiwanda kilimwaga taka baharini, watu wakala samaki, neva zikaharibika. Wanafunzi wanaikariri, wanaijibu kwenye mtihani, basi. Likizo ilipofika nikawachukua wachache twende Mwakitolyo, kwenye machimbo ya dhahabu yanayotumia zebaki. Hata mimi nilikuwa nakujua kwa kusikia tu.

Tulitoka Shinyanga mjini asubuhi, tukapita Old Shinyanga na kushika njia ya Solwa. Mashamba yalikuwa yamekwisha kuvunwa, ng'ombe walikuwa wengi kuliko magari. Halafu mara maturubai, bodaboda zilizopakia viroba vya mawe, na mngurumo wa makarasha, mashine za kusaga mawe, uliotulazimisha kuongea kwa kupiga kelele.

Mwaloni, panapooshwa mchanga wa dhahabu, tulimkuta mama mmoja na karai lake. Alimimina zebaki kutoka kwenye kichupa kilichokuwa cha dawa ya kikohozi, akaikanda na mchanga kwa mikono mitupu, akaikamua kwenye kitambaa mpaka kikabaki kidonge cha zebaki na dhahabu, cheupe kama bati jipya. Kijana wake akakipokea, akakiweka kwenye kipande cha bati juu ya mkaa. Niliwavuta wanafunzi upande unaotoka upepo. Mvuke wenyewe hauonekani wala haunuki. Tulichoona ni kidonge kugeuka njano.

"Wanangu, mbona mnakimbia?" mama akauliza, akicheka.

Tukaanza darasa hapo hapo. Zebaki ya maji ikimezwa, sehemu kubwa hupita tumboni na kutoka. Mvuke ni habari nyingine: takriban asilimia 80 ya unaovutwa hubaki mwilini, hupenya hadi kwenye ubongo, na humo hubadilika kikemia ikawa vigumu kutoka. Serebela, sehemu ya nyuma inayoratibu mwendo, ni mojawapo ya zinazoumia. Mwanafunzi mmoja akamwomba yule kijana aguse pua yake mwenyewe, kisha kidole cha mwanafunzi, arudie. Mkono ulikwenda vizuri, ulipokaribia kidole ukaanza kuyumba.

"Zebaki hiyo, Dokta!"

Nikamwambia mwanafunzi asubiri. Pombe inatetemesha, na kukesha shimoni kunatetemesha. Bila kupima mkojo, na bila kumuuliza kuhusu fizi, usingizi, hasira na kusahau, huna utambuzi, una dhana. Muulize na kazi yake, anachomea wapi.

Kijana akajibu kwamba siku nyingi huchomea chumbani anakolala, mlango umefungwa, kwa kuogopa wezi. Kwangu jibu hilo lilikuwa na uzito kuliko kidole kilichoyumba. Kwenye fomu ya mgonjwa tunayowafundisha kujaza, kazi ni neno moja, "mkulima" au "mchimbaji", na daktari anaendelea na shinikizo la damu.

Katika mkoa jirani wa Geita, kijijini Rwamagasa, watafiti wa mradi wa Umoja wa Mataifa walifanya vipimo kama hicho cha pua na kidole miaka ya mwanzo ya 2000, na dalili zikajitokeza hasa kwa wachomaji. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Kichupa cha dawa ya kikohozi bado kinazunguka.

Tulikuwa na chungu cha chuma chenye kifuniko na bomba: mvuke unapita humo, unapoa, zebaki inarudi kuwa maji na kutumika tena. Niliwaeleza kwamba kinaokoa ubongo na pesa. Mama akakizungusha mikononi, akagonga kifuniko kwa ukucha.

"Baba, nikichoma kwenye bati naiona dhahabu yangu mpaka mwisho. Humu siioni. Na chungu kikiwa cha mwenye karasha, atakayefungua ni nani?"

Wanafunzi wakanigeukia. Nikamuuliza yeye angependa afungue nani, na wenzake waliokuwa wakiosha mchanga wakaacha makarai, wakaanza kubishana.