Kinanda cha Kale kutoka Ng'ambo ya Mweru

Kazi iliyonilea mimi na watu wa nyumbani mwangu katika ufuko huu wa Ziwa Mweru ni ya namna mbili zisizotengana: siku za kawaida hufungua na kutengeneza redio, amplifaya na vipaza sauti vya watu katika soko la Kashikishi, na siku za arusi, za ibada na za sherehe hupiga kinanda, tangu Nchelenge hadi Mwansabombwe, na mara nyingine ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, kwa jamaa zetu wa Kilwa na Pweto. Baba yangu alikuwa mtu wa Tanga aliyefuata biashara ya samaki wakavu hadi huku bara, na mama yangu alizaliwa Pweto. Kiswahili basi nilikipata kwa wote wawili, cha pwani na cha Katanga, wala katika nchi hizi lugha hii si mgeni wa jana, kwani Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe mwaka 1867 alimkuta Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara aliyetoka upande wa pwani, ambaye alikwisha kukaa huko miaka mingi.

Katika ujana wangu sultani wa ala zote katika nchi hizi alikuwa gita. Luapula ilikuwa na kalindula yake, muziki uliochukua jina la besi ya kienyeji ya kuchongwa, na Katanga ilikuwa na Mwenda Jean Bosco, mwana wa Bunkeya, ambaye Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952, na ambaye alifariki kwa ajali ya gari huku huku Zambia mwaka 1990. Kinanda cha umeme kilitujia baadaye, kwa njia ya makanisa na ya kaseti zilizovushwa kwa mitumbwi. Katika kaseti hizo za miaka ya themanini nilisikia mara kwa mara piano moja ya ajabu, yenye mlio wa kengele pale kidole kinapogusa na ulaini wa hariri pale sauti inapofifia, nikaipenda kwa mapenzi ambayo hata leo sijui kuyaeleza. Na miaka mingi ilipita kabla sijafahamishwa na mpiga kinanda mmoja wa Lubumbashi kwamba naghma ile hutoka katika chombo kiitwacho Yamaha DX7.

Chombo hicho kilitoka Japani mwaka 1983, na msingi wake ni elimu aliyoivumbua John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1967, kwamba wimbi moja la sauti likitikiswa na wimbi jingine kwa kasi kubwa huzaa sauti mpya, tajiri kuliko zote mbili zilizoizaa. Ndani ya DX7 mna mawimbi sita kwa kila noti, na njia 32 za kuyapanga, lipi litikise lipi. Noti 16 zaweza kulia kwa pamoja, na vitufe vyake 61 hupima nguvu ya kidole, ukigusa kwa upole chombo husema kwa upole, ukipiga kwa hamasa hukujibu kwa hamasa. Lakini vipaza sauti vya ndani hakina, midundo ya kujiendesha hakina, na kwa wakati mmoja hutoa sauti ya aina moja tu. Yampasa mnunuzi ayajue haya kabla hajatoa hata ngwee moja, kwa sababu mtu aliyezoea vinanda vya siku hizi, ambavyo ukibonyeza kitufe kimoja hukupigia ngoma, besi na gita, atadhani ameuziwa kitu kibovu.

Habari ya kuuzwa kwa kinanda kama hicho ilinifikia mwezi wa Novemba, na wakaao ufukoni mwa Mweru wajua uzito wa mwezi huo. Tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari serikali hufunga uvuvi ili samaki wazaliane, na ziwa likifungwa hufungwa pamoja nalo mikoba ya watu: wachuuzi wa chisense, dagaa wa ziwa hili, hupumzika, arusi huahirishwa, na mwenye redio iliyokufa huiacha ife mpaka Machi. Fedha niliyokuwa nayo wakati ule ilikuwa ndiyo akiba ya kutuvusha katika miezi hiyo mitatu, na ndani yake mlikuwa na karo ya bweni ya binti yangu, ambayo hutakiwa Januari. Mwenye kinanda, mzee wa Kilwa ya Kongo ambaye zamani alikuwa na bendi, alitaka kwacha 7,000.

Nilivuka kwenda kukitazama, nikiwa na bisibisi, mita ya kupimia umeme na spika za masikio, maana chombo cha kale hakinunuliwi kwa sifa. Kwanza nilikigeuza nikasoma kibandiko cha nyuma. Vinanda vilivyotengenezwa kwa soko la Japani huhitaji volti 100, ilhali soketi zetu hutoa 230, na nimekwisha kufungua vyombo vingi mno vilivyoungua siku ya kwanza kwa ajili ya mwenyewe kutosoma kibandiko hicho. Hiki kilikuwa cha soko la Ulaya, hakikuhitaji transfoma. Kisha nilizitazama skrubu, kwani skrubu iliyochunika kichwa ni ushahidi kwamba fundi mwenye haraka amepita hapo kabla yako. Halafu nilikiwasha, nikagusa kila kitufe mara kwa upole na mara kwa nguvu, nikakuta vitatu vinalia kwa sauti kubwa sikuzote hata ukivigusa kwa unyoya. Jambo hilo halikunitisha: chini ya kila kitufe mna migusano, na mashine hukadiria nguvu ya kidole kwa kupima muda unaopita tangu kitufe kuanza kushuka hadi kufika chini, basi vumbi likiingia hapo hesabu hupotea, na dawa yake ni spiriti, kitambaa safi na subira.

Lililokuwa zito ni kwamba sauti zenyewe zilikuwa zimevurugika. Kwenye kioo palitokea herufi zisizo na maana, na mahali pa ile piano niliyoipenda palitoka mkwaruzo kama wa msumeno. Mzee aliinamisha kichwa. Akasema kwamba mashine imekuwa hivyo tangu masika yaliyopita, na kwamba akipata 3,000 atashukuru.

Nami nilijua sababu. Ndani ya DX7 mna betri ndogo ya lithiamu, iliyolehemiwa katika ubao, na kazi yake ni kuhifadhi kumbukumbu ya sauti wakati chombo kimezimwa. Betri hiyo huishi miaka mingi, lakini haiishi milele, na ikifa sauti zote hupotea ijapokuwa chombo chenyewe ni kizima. Yakini betri mpya ni kitu cha bei ndogo, na sauti asilia zaweza kurudishwa kutoka kwenye kompyuta kwa waya wa midi. Kama ningalinyamaza, ningalirudi Nchelenge na kinanda kwa bei iliyo chini ya nusu. Lakini mimi ni fundi, na watu huniletea vitu vyao wakiwa hawana njia ya kujua kama nisemayo ni kweli. Nikiutumia ujinga wa mtu katika jambo la fani yangu, sina tena fani. Nikamwambia, "Papa, hakijafa. Ni betri tu." Nikamfunulia kifuniko, nikamwonyesha ilipo, nikampimia kwa mita akaona mwenyewe jinsi nguvu yake ilivyokwisha.

Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi, mwanangu, sema wewe bei ya haki." Nikamwomba anipe nafasi ya kushauriana na nyumbani.

Mke wangu ni mwenye akili ya hesabu kuliko mimi, na hakuyapinga mapenzi yangu kwa neno hata moja, aliuliza tu, "Baba watoto, kikiharibika mwezi wa Februari, utakitengeneza kwa nini?" Swali hilo ndilo lililoigeuza mizani, wala si upande alioutazamia yeye. Palikuwa na shauri jingine, la kusubiri na kuagiza kutoka Lusaka kinanda kipya cha bei hiyo hiyo, chenye spika na midundo yake. Vinanda hivyo navijua kwa ndani. Nimeletewa vingi sana, vya makwaya na vya wanafunzi, na aghalabu vyote ni ubao mmoja mwembamba wenye vipande vidogo kama mbegu za ufuta, ambao ukiguswa na umeme wa jenereta usiotulia hauna tiba ila kutupwa. DX7 ina kilo zaidi ya kumi na nne, yachosha mgongo wa mwenye kuibeba kwa baiskeli, lakini hufunguka kwa bisibisi, na vipande vyake vya upande wa umeme, kapasita na vinginevyo, ni vikubwa vya kushikika, vya aina niliyoizoea. Jibu langu kwa mke wangu lilikuwa kwamba kile kipya kikiharibika sitakuwa na la kufanya, na hiki nitakitengeneza kwa vitu vilivyomo katika kasha langu sokoni. Kuhusu midundo, bendi yetu ina mpiga ngoma, kijana mwenye watoto wawili. Kununua mashine ya kuchukua nafasi yake ni jambo ambalo nafsi yangu haikulikubali hata kabla ya kuhesabu fedha.

Mke wangu akasema karo isiguswe. Hilo lilikuwa sharti lake la pekee, na lilikuwa la insafu.

Bei niliyoitaja kwa mzee ilikuwa kwacha 5,500: chini ya alichotaka kwanza, kwa sababu ya betri, vitufe na kazi, na juu sana ya alichokuwa tayari kupokea. Nilimwambia pia ukweli wa mkoba wangu, kwamba naweza kutoa 2,000 papo hapo na zilizobaki baada ya ziwa kufunguliwa. Nilitazamia akatae. Akakubali bila maandishi, akasema mtu aliyempandishia bei ya kitu chake mwenyewe hana haja ya kumwekea rahani. Nikakifunga kwa blanketi na turubai, nikakivusha.

Miezi ya kufungwa kwa ziwa, ambayo miaka mingine hunipitia katika unyonge, niliitumia mezani pangu. Nililehemu kikalio cha betri badala ya kulehemu betri yenyewe, ili siku nyingine mtu yeyote aweze kuibadili kwa vidole, nikasafisha migusano ya vitufe vyote hata vile vilivyokuwa vizima, na mwalimu mmoja wa hapa Nchelenge akanisaidia kwa kompyuta yake kurudisha sauti. Piano ile ilipotoka kwa mara ya kwanza katika amplifaya yangu, mke wangu aliacha alilokuwa akilifanya akaja kusimama mlangoni.

Mwezi wa Machi ulipoingia, na mitumbwi ikarudi majini, arusi zilizoahirishwa zilikuja kwa mfululizo, nami nikampelekea mzee fedha yake yote iliyobaki. Akanipa kitabu cha maelezo cha chombo, cha Kifaransa, alichokipata chini ya sanduku la nguo. Mpiga ngoma wetu, ambaye alisoma ng'ambo, hunisomea kurasa zake jioni, na kwa msaada huo nimeanza kuunda sauti zangu mwenyewe. Ninayoishughulikia sasa ni ya besi ya kalindula: mvumo wake nimekwisha kuupata kwa mawimbi mawili, lakini ule mguno wa uzi unapoachiliwa na kidole bado hauniridhishi, na nadhani wimbi la tatu halina budi kutikiswa kwa kasi zaidi na kufifia mapema.