Jina, Cheo na Hati: Kivumishi Kimoja Mbele ya Kaya Kinondo

Mgeni aingiaye Kaya Kinondo hufungwa kwanza kitambaa cheusi kiunoni. Haulizwi cheo chake. Awe profesa, waziri au mwanafunzi, atafuata njia ile ile na atakatazwa kuondoka na hata jani. Mamlaka ya makatazo hayo ni ya wazee wa kaya, nayo hayakutokana na karatasi yoyote. Hapo ndipo kivumishi cha Kiingereza "titular" kinapomtatiza mfasiri wa Kiswahili.

Kivumishi hicho kimetokana na neno la Kilatini titulus, yaani maandishi ya kukitambulisha kitu. Baadaye neno hilo lilipata pia maana ya cheo na ya haki. Katika Kiingereza kilianza kutumika mwishoni mwa karne ya 16. Wahakiki hukitumia kwa mhusika aliyekipa kitabu jina lake, kama Kinjeketile katika tamthilia ya Ebrahim Hussein ya 1969. Wanahistoria hukitumia kwa mtu mwenye cheo asiye na mamlaka. Kinjeketile wa tamthilia anastahili maana zote mbili: jina lake li juu ya jalada, ilhali neno alilolitamka limekwisha kumponyoka, nalo lawaongoza watu pasipo yeye.

Kinondo iliijua maana hiyo ya pili mapema zaidi. Kwa mkataba wa 1895, ukanda wa pwani wa maili 10 uliwekwa chini ya utawala wa Waingereza, nao wakawa wakimlipa Sultani wa Zanzibar kila mwaka. Enzi yake ilitambuliwa hadi Desemba 1963. Katika Kiarabu, asili ya neno sultani ni mamlaka yenyewe. Mamlaka yalihama, neno likabaki.

Iko maana ya tatu, ambayo wakazi wa pwani huiita "taito": hati ya kumiliki ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka wadai wa pwani wathibitishe madai yao. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Wengi waliolima mashamba hayo na kuwazika wazazi wao humo wakaja kuitwa maskwota.

Kwa hiyo, kufasiri "titular" kila mara kuwa "wa jina tu" ni kupotosha. Tafsiri hiyo yamfaa Sultani, lakini haimfai mhusika aliyebeba jina la kitabu, wala haifai kwa hati, kwani hati si jina tupu: yaweza kumhamisha mtu kutoka makaburini kwa babu zake. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya za Wamijikenda, Kinondo ikiwamo, katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Kaya ikapata jina jipya, ila heshima yake ilikuwapo kabla ya jina hilo. Yampasa mfasiri achague baina ya jina, cheo na hati, na kabla ya kuchagua aulize mamlaka yako mikononi mwa nani.