Santo Domingo: Lango la Wazungu katika Amerika

Katika kisiwa cha Hispaniola, ndani ya Bahari ya Karibi, mto Ozama unaingia baharini. Juu ya ukingo wake umesimama mji wa Santo Domingo, makao makuu ya Jamhuri ya Dominika. Miongoni mwa miji iliyojengwa na Wazungu katika Amerika na ambayo ingali ikikaliwa na watu, huu ndio mkongwe kuliko yote. Atakaye kujua jinsi ukoloni ulivyoanza katika nchi zile, na aanzie hapa.

Christopher Columbus, baharia aliyetumwa na watawala wa Hispania, aling'oa nanga tarehe 3 Agosti 1492 akiwa na merikebu tatu, akitafuta njia ya kwenda Bara Hindi. Mwezi Desemba alifika Hispaniola, na usiku wa Krismasi merikebu yake kubwa, Santa María, ikapanda fungu. Wenyeji, watu waitwao Wataino, walikuja na mitumbwi yao wakamsaidia kuokoa shehena. Kwa mbao za merikebu ile lilijengwa boma, wakaachwa humo watu 39. Columbus aliporudi mwaka uliofuata na merikebu 17, alikuta boma limeteketea na watu wake wamekufa. Yasemekana walikuwa wamewanyang'anya wenyeji dhahabu na wanawake.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kisiwani hapo mgeni alikuja, na mwenyeji akaangamia.

Mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1496 na Bartolomé, nduguye Columbus, upande wa mashariki wa mto. Mwaka 1502 aliwasili gavana mpya, Nicolás de Ovando, akiwa na merikebu zipatazo 30. Baada ya muda mfupi Columbus naye alitokea nje ya bandari. Aliomba hifadhi, akaonya kwamba tufani inakuja na kwamba msafara uliokuwa tayari kurudi Hispania usiondoke. Ovando alimkatalia yote mawili. Msafara ukatweka, tufani ikaukuta njiani, na merikebu zipatazo 20 zikazama pamoja na dhahabu na mamia ya watu. Mji nao ukabomoka. Ovando akaujenga upya upande wa magharibi, na barabara alizozipima zingali zikipitwa hadi leo.

Mwenye kazi ya ulinzi atapenda kuitazama Ngome ya Ozama, iliyoanza kujengwa mwaka huo wa 1502. Mnara wake wa mawe, wenye kimo cha mita 18 hivi, unalinda mdomo wa mto. Lakini mwaka 1586 Mwingereza Francis Drake hakupita mbele ya mnara huo. Alishusha askari wake pwani, mbali na mji, wakaja kwa nchi kavu. Aliushika mji kwa karibu mwezi mzima, akichoma majumba mpaka alipolipwa fidia ndipo akaondoka.

Kutoka ngomeni mgeni hufuata barabara ya Las Damas, yaani Barabara ya Mabibi, iliyopewa jina hilo kwa ajili ya mabibi waliofuatana na mke wa Diego, mwana wa Columbus, aliyekuja kutawala mwaka 1509. Kasri ya Diego ingali imesimama. Karibu na hapo yako magofu ya hospitali iliyoanzishwa mwaka 1503. Mwaka 1990 UNESCO iliuandika mji huu wa kale katika orodha ya urithi wa dunia.

Je, ni nani waliobeba mzigo wa fahari hiyo? Wataino waligawiwa walowezi, wakachimbishwa dhahabu na kulimishwa. Mtawala wao Anacaona alimkaribisha Ovando kwa ngoma na karamu mwaka 1503. Wakuu wake walichomwa moto ndani ya nyumba, naye mwenyewe akanyongwa. Hesabu ya mwaka 1514 iliwakuta wenyeji wapatao 26,000 tu, na mwishoni mwa mwaka 1518 ndui ikaingia. Tarehe 21 Desemba 1511 padre Antonio Montesinos alisimama kanisani akawauliza walowezi, Diego akiwamo, ni kwa haki gani wanawatesa watu hawa. Leo sanamu yake kubwa imesimama kando ya bahari, mkono mdomoni, kama mtu anayepaza sauti.

Wenyeji walipozidi kupungua, waliletwa watumwa wengi zaidi kutoka Afrika. Mwezi Desemba 1521, katika shamba la miwa la Diego mwenyewe, Waafrika waliasi. Walishindwa, lakini hawakuwa wa mwisho kuasi.

Wataino wameacha urithi ambao uko hata jikoni mwetu. Chakula chao kikuu kilikuwa mkate wa muhogo: waliukuna muhogo mchungu, wakaukamua maji yenye sumu, kisha wakauoka juu ya kikaango cha udongo. Mahindi nayo yalilimwa kwao. Wareno waliivusha mimea ya Amerika hadi Afrika, nasi tukayaita mahindi, jina linaloelekeza Bara Hindi. Columbus naye aliwaita Wataino Wahindi. Mama anayemenya muhogo jioni ya leo anaendeleza kazi iliyofanywa na akina mama wa kisiwa kile kabla merikebu ya kwanza haijaonekana.