Ukitaka Kucheka au Kulia, Shukia Mamboleo

JE, msomaji, nyumbani kwako nani hushika rimoti Jumapili jioni? Kwangu ni vita visivyokwisha. Watoto wanataka sinema za mizuka na damu, mwenzangu anataka vichekesho. Nilipofunga safari kwenda kumtembelea shangazi yangu huko Mamboleo, nilidhani nimevikimbia vita hivyo. Kumbe vilikuwa vimenitangulia!

Mamboleo si mbali na katikati ya jiji la Kisumu. Matatu ya Kakamega hupita Kondele, ikipenya katikati ya wachuuzi na bodaboda, na kabla hujatulia kitini makanga tayari anapiga kelele: “Mamboleo! Kuna wa kushuka?” Hapo njia zinagawanyika. Moja hupanda vilima vya Riat kuelekea Kakamega, nyingine hushika upande wa Miwani na Chemelil, kwenye miwa. Kando yake kuna uwanja wa maonyesho ya kilimo na ule uwanja mkubwa wa Jomo Kenyatta, ambako taifa zima liliadhimisha sikukuu ya Madaraka mwaka 2021.

Binamu zangu wadogo hawakuwa na haja na viwanja hivyo. Walinivuta hadi kwenye kibanda cha video, mabati matupu na mabenchi yanayoyumba, kiingilio shilingi 20. Siku hiyo ilikuwa sinema ya mizuka, mojawapo ya zile zilizotiwa maneno ya Kiswahili na DJ Afro. Watu wazima waliketi humo wakijikunyata kama vifaranga. Mzuka ukimkaba mtu koo, msimulizi hutia utani, na kibanda chote huangua kicheko. Nilitoka mbavu zikiniuma, nisijue kama nilikuwa nimetishwa au nimechekeshwa.

Jioni, binamu mmoja alifungua runinga. Ilikuwa sinema ya vita, nyumba zinawaka moto. Shangazi, ambaye sote humwita Waya, aliinuka akaizima bila kusema neno. Vijana wakanung’unika. Mmoja akanong’ona kwamba Waya ni mwoga, anapenda vichekesho tu.

Mwoga? Mwanamke huyu ndiye wa kwanza kufika matangani katika mtaa wake. Hukesha, huimba, hulia kwa sauti inayosikika ng’ambo ya barabara, kisha hucheza mpaka vumbi linatimka. Kwa Wajaluo msiba haukuwa kamwe jambo la kunyamaza. Mpiga nyatiti huwasifu na kuwaomboleza wafu kwa wimbo uleule mmoja, na mzee anapofariki, vijana huswaga ng’ombe kwa nyimbo na kelele katika tero buru, wakikifukuza kifo. Hata benga, ambayo gita lake haliruhusu mguu kutulia, mara nyingi hubeba maneno ya majonzi. (Disko matanga za usiku kucha ni habari nyingine. Wakuu wa serikali wamezipiga marufuku mara kadhaa kwa sababu ya wasichana wanaoharibiwa humo gizani, na mimi nawaunga mkono.)

Nilimuuliza Waya jikoni, alipokuwa akisonga ugali. Akaniambia kibanda chake cha mitumba pale Kondele kiliteketea Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi. “Moto nimeuona, mwanangu. Sihitaji kuonyeshwa.”

“Na matangani je? Si huko pia ni huzuni?”

“Huko nalia na wenzangu. Mbele ya runinga nalia peke yangu.”

Wataalamu wamelizunguka swali hili kwa muda mrefu. Mgiriki Aristotle aliona kwamba mchezo wa tanzia huisafisha huruma na hofu iliyo ndani ya mtazamaji. Mwaka 2013, Mmarekani Paul Rozin na wenzake waliandika kuhusu watu wanaofurahia pilipili kali na sinema za kuhuzunisha: mwili hudhani umo hatarini, ilhali akili inajua hakuna hatari. Maelezo hayo yanawafaa binamu zangu, ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka 2008. Kwao moto ni pilipili. Waya hawezi kuupata utamu huo, kwani akili yake haina hakika kwamba hakuna hatari. Basi anayependa vichekesho si lazima awe mwepesi wa moyo. Pengine ndiye aliyebeba mzigo mzito kuliko wote sebuleni.

Oktoba 2025 Waya alikwenda katika uwanja ule wa Mamboleo, mwili wa Raila Odinga ulipoletwa tarehe 18 ili wananchi wamuage kabla ya mazishi ya Bondo siku iliyofuata. Wengi walikesha. Kulikuwa na vilio, matawi ya miti mikononi, na nyimbo. Alirudi, anasema, sauti imemkauka, na usiku huo akalala fofofo.

Asubuhi ya kuondoka kwangu alinisindikiza hadi stendi. Alikuwa amejifunga leso, anakwenda msibani upande wa Kibos. Binamu zangu walitupita mbio wakielekea kwenye kibanda cha video, naye akawapa sarafu ya kiingilio.

“Mkaogope vizuri,” akawaambia, akapanda bodaboda.